Bao la Mtu Mmoja

Upande wa kulia wa bao la babu yangu nimeweka kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikawa laini. Kila anayeingia ukumbini kwetu huuliza kifuu kile ni cha nini, kisha huuliza nacheza na nani. Nikijibu kwamba nacheza peke yangu, wanaume waliokulia barzani hunyamaza. Kwao bao ni watu wawili, na waliowazunguka, na kahawa, na maneno. Bao lisilo na mtu wa mbele hawalijui.

Mimi nimelijua kwa miaka mitatu sasa, na leo nataka kulieleza vizuri.

Nimezaliwa Wete, Pemba. Babu mzaa baba alikuwa na barza yake karibu na njia inayoteremka bandarini. Bao lilitoka nje kila siku baada ya sala ya Laasiri, likarudi ndani kabla ya adhana ya Magharibi. Kazi yangu ilikuwa kuleta kahawa na kuokota kete zilizoruka. Bao lenyewe ni la mti mzito, safu nne za mashimo manane, mashimo 32 kwa jumla, na kete zake ni komwe 64 za kijivu ambazo babu aliziokota mwenyewe kwenye vichaka vya pwani. Mkomwe una miba mpaka kwenye ganda la tunda lake, kwa hiyo kila komwe iliyomo ndani ya bao, kuna mtu alichomwa kwa ajili yake. Sisi watoto tulikuwa na matumizi mengine ya komwe: unaisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka inapata moto, halafu unamgusa nayo mwenzako mkononi, kisha unakimbia.

Bao nilijifunza kwa kusimama. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha. Nilijua kwamba kila mchezaji huanza na kete sita kwenye nyumba, shimo lake kuu la safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba hiyo, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza baoni moja moja. Nilijua pale namua inapokwisha na mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizomo baoni tu, unapoanza. Nilijua mtu anayetakata, yaani anayepanda kete bila ya kula za mwenziwe, kete yake ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu imekwenda kwa mwenziwe. Mambo haya yaliniingia kama maneno yanavyomwingia mtoto, kabla sijajua kuwa ni sheria.

Siku moja, nina miaka 12, babu alikwama. Nimesimama na dele la kahawa nyuma yake, nikainama nikamnong'oneza: "Babu, anzia kimbi." Akaanzia kimbi, shimo la pembeni mwa safu ya mbele. Kete zikazunguka, zikala, zikala tena, mpaka safu ya mbele ya mwenziwe ikabaki na kete mbili tu. Wazee wakacheka wakapiga makofi, isipokuwa mmoja, aliyesema mtoto wa kike aliyekwisha kuwa mkubwa hafai kusimama barzani. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekumbusha kwamba mvua inakuja, nguo zianuliwe. Babu hakubisha mbele ya watu, na kesho yake kahawa ikapelekwa na mdogo wangu wa kiume.

Usiku ndipo babu aliponilipa. Msimu wa karafuu, tukishamaliza kuchambua, vidole vimekuwa vyeusi na chumba kizima kinanuka makonyo, alikuwa akilivuta bao katikati ya jamvi na kuniambia: "Haya, mjukuu wangu, kaa." Tulicheza kwa taa ya kandili mpaka bibi akaja kuizima. Sikumfunga hata mara moja, na hakuniachia hata mara moja. Alifariki mwaka niliomaliza Kidato cha Nne. Bao likaingia uvunguni mwa kitanda changu, likakaa huko muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Barza sikuwa na njia ya kuiendea, na nyumbani hapakuwa na mwengine anayejua. Mume wangu ni mtu wa dhumna.

Aliyelitoa uvunguni ni mtoto wa kaka yangu, anayesomea hisabati chuo kikuu huko Unguja. Alikuja Idi, akanipa mkono, shikamoo shangazi, marahaba, na kabla hajamaliza chai akauliza: "Shangazi, lile bao la babu mnalo bado?" Nikaenda kulitoa. Lilikuwa na vumbi na utando wa buibui kwenye mashimo ya nyuma. Nilipokuwa nalifuta, mwili ulinisisimka.

"Sasa funika upande wa pili," akaniambia.

"Nifunike kwa nini?"

"Huku hatukai na mtu."

Nikatandaza khanga juu ya safu mbili za mpinzani. Akaomba kitu cha kuweka pembeni, nikampa kifuu. Ndivyo kifuu kilivyoingia ndani ya hadithi hii.

Mchezo alionifundisha unaitwa Tchoukaillon, jina la Kifaransa ambalo masikioni mwangu ni kama "chukayo". Ni mchezo wa juzijuzi. Mwaka 1895 mwanahisabati wa Ufaransa, Henri Delannoy, aliandika kuhusu mchezo wa mtu mmoja unaoitwa Tchuka Ruma: mashimo machache kwenye mstari, na kando yake shimo kubwa linaloitwa ruma, ambamo kete zote zinatakiwa ziishie. Humo kete huzunguka, na zikiishia kwenye shimo lenye kete unazoa unaendelea kama tunavyotakata sisi, lakini ukilala umeshindwa kabisa, hakuna zamu nyengine ya kukuokoa. Mwaka 1977 Mfaransa mwengine, Véronique Gautheron, akaupunguza mchezo huo. Akaondoa kuzunguka, akaondoa kuzoa, akabakisha sheria moja. Hiyo ndiyo Tchoukaillon.

Neno ruma lilinishika. Kwa Kimalei rumah ni nyumba, na sisi kwenye bao tuna nyumba. Na jina la jumla wanaloyaita wataalamu michezo yote ya jamii hii, mankala, linatokana na neno la Kiarabu la kuhamisha, lile lile lililotupa sisi nakala na kunakili. Ukishaliona hivyo, huoni tena mchezo wa kigeni umekuja kukaa kwenye bao la Pemba. Unaona jamaa wa mbali amebisha hodi.

Sheria yenyewe ni hii. Mashimo yanahesabiwa kuanzia lile lililo jirani na kifuu: la kwanza, la pili, la tatu, kuendelea. Unachukua kete zote za shimo moja, unazipanda moja moja kuelekea kwenye kifuu, na kete ya mwisho lazima iangukie ndani ya kifuu. Isipungue kabla, isizidi. Kwa hiyo shimo la tatu linachezeka likiwa na kete tatu kamili, na la saba likiwa na saba kamili. Shimo lenye pungufu lina njaa, linasubiri kulishwa na yaliyo mbali zaidi. Shimo lenye zaidi ya namba yake limekufa. Mimi huliita limevimbiwa. Halitachezeka tena, maana kete huongezeka tu ndani yake, hazipungui, na mchezo umeharibika hata kama yaliyobaki yote ni mazima. Unashinda pale kila kete iliyokuwa kwenye bao imelala ndani ya kifuu.

Nikamwambia hayo ni mepesi. Akaniwekea kete sita tu: nne kwenye shimo la nne, mbili kwenye la tatu, la pili tupu, la kwanza tupu. Nikacheza la nne, kwa sababu hakuna jengine lililo tayari. Kete zikashuka: la tatu likawa na tatu, la pili moja, la kwanza moja, na moja ikalia ndani ya kifuu. Sasa nina mawili yaliyo tayari, la kwanza na la tatu. Mkono wangu ukaenda kwenye la tatu. Kila mchezaji wa bao angekwenda pale, maana ndipo penye kete nyingi, na tumezoea kwamba penye nyingi ndipo penye safari. Nikalipanda. La pili likawa na mbili, vizuri. La kwanza likawa na mbili pia. Limekufa.

"Limevimbiwa hilo," nikasema, na jina likabaki hapo.

Tulirudia. Safari hii nikaanza na la nne, kisha la kwanza, kisha la tatu, kisha la kwanza tena, kisha la pili, kisha la kwanza. Mapando sita, kete sita ndani ya kifuu, bao tupu. Sikuwa nimesikia sauti ya bao tupu tangu babu alipokuwa hai: ukipiga kucha kwenye ubao wake linaitika.

Yule kijana akarudi chuoni, mimi nikabaki na mchezo. Wiki ya kwanza nilishindwa zaidi kuliko nilivyoshinda, na kila niliposhindwa sababu ilikuwa moja. Palikuwa na shimo la karibu lililokuwa tayari, mimi nikaliruka kwenda la mbali. Shimo la karibu ndilo linalokula kete za wote wanaopita. Likiwa limeshajaa kipimo chake na wewe ukapitisha msafara mwengine juu yake, umeliua. Kwa hiyo ukiwa na mawili au matatu yaliyo tayari, unacheza la karibu na kifuu kwanza, kila mara, bila ya kuangalia lipi lina kete nyingi. Niliandika hilo kwa penseli kwenye ukuta wa jikoni, na limo mpaka leo.

Lakini hapo nikakutana na tatizo ambalo lazima niliseme, maana nalipenda bao kiasi cha kutotaka kumdanganya mtu. Ukishaijua njia hiyo, mchezo wa kwenda mbele umekwisha. Mkono hauna tena la kuchagua. Kama kete zilipangwa vizuri mwanzoni, utashinda; kama zilipangwa vibaya, hakuna busara itakayokuokoa. Bao la Kiswahili haliko hivyo. Katika bao la watu wawili kuna wasaa wa kukosea na kurudi, kuna kumtega mtu, kuna kuilinda nyumba siku nzima halafu kuivunja kwa pando moja. Alex de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, alikaa na mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa utafiti wake kuhusu jinsi akili zao zinavyofanya kazi wakati wa kucheza, na nani katika sisi aliyekaa barzani atashangaa kwamba akili zile zilimtoa mtu Ulaya? Mtu anaangalia mashimo 32 na kuziona kete zikizunguka mizunguko kadhaa kabla hajagusa hata moja. Tchoukaillon haitaki hilo. Ningeacha hapo kama isingekuwa kinyume.

Kinyume nilikifikia usiku mmoja umeme umekatika. Nimeshamaliza mchezo wa kete 12, zote zimo kwenye kifuu, na sikuwa na la kufanya. Nikajiuliza: zilikotoka, naweza kuzirudisha? Nikatoa kete moja kwenye kifuu. Ilitoka shimo gani? Kama la kwanza lilikuwa tupu baada ya pando la mwisho, basi ilitoka la kwanza. Nikaiweka hapo. Nikatoa ya pili. La kwanza sasa lina kete, kwa hiyo pando lililotangulia halikutoka hapo, maana shimo lililotoka kuchezwa lazima liwe tupu. Lilitoka la pili. Nikachukua ile moja ya shimo la kwanza pamoja na ile niliyoitoa kwenye kifuu, nikaziweka mbili kwenye shimo la pili. Nikaendelea hivyo. Unatafuta shimo tupu lililo karibu kabisa na kifuu, unaokota kete moja kutoka kila shimo lililo kati yake na kifuu, na moja ya kifuu chenyewe, unazitia zote ndani ya shimo lile tupu. Zitalijaza sawasawa na namba yake, kila mara.

Bao likajijenga mbele ya macho yangu kwa mwanga wa tochi ya simu. Wakati wa kujenga, vilevile, huna la kuchagua, ila hapo nilifurahi. Maana yake ni kwamba kwa kila idadi ya kete upo mpango mmoja wa ushindi, na mmoja tu. Kete tano zina mpango wao. Kete 17 zina mpango wao. Mtu aliyeko Ufaransa akizipanga 17 ashinde na mimi nikizipanga hapa Wete, tutapanga sawasawa shimo kwa shimo, bila ya kuonana.

Nilisema nitajenga mpaka safu moja ya bao ijae, mashimo manane. Shimo la tano liliingia nilipofika kete 10. La sita lilikuja upesi, kwenye 12. La saba lilichelewa mpaka 18. Nikawa natoa kete moja moja kutoka kwenye kifuu nikisubiri la nane. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Kete ya 22 ilipotoka, mashimo yote saba yalikuwa na kitu, na shimo la nane, kichwa cha kushoto, likapata kete zake nane.

Ishirini na mbili. Nilikaa nikaitazama.

Kila anayecheza bao la Kiswahili anaijua namba hiyo mkononi kabla ya kuijua kichwani. Ndizo kete unazozishika mwanzoni. Babu alikuwa akizimimina kwenye kiganja changu nami vidole havikutosha kufumba, zikidondoka tunazihesabu upya. Na sasa, ukitaka kuifikia safu nzima ya mashimo manane kwenye mchezo huu, kete zinazohitajika kwa uchache ni zile zile 22. Sisemi waliotutungia bao walilijua hili. Sheria ni mbalimbali, na namba zina tabia ya kukutana njiani bila ya kuahidiana. Lakini nilipouona mpango wenyewe, sufuri, moja, moja, sufuri, mbili, nne, sita, nane, na nikaona kwamba shimo la nne kutoka kulia, ambalo kwenye bao letu ndilo nyumba, limebaki tupu, nilitamani awepo mtu wa kumwita. Ilikuwa saa sita usiku. Nikampigia mtoto wa kaka yangu, akapokea akidhani kuna msiba.

"Hakuna msiba," nikamwambia. "Ishirini na mbili zinafika kichwa."

Akanyamaza kidogo, nikasikia anahesabu. Kisha akaniuliza: "Na zote 64, shangazi?"

Swali hilo lilinichukua siku tatu kulijaribu kwa mkono, kwa sababu nilikataa kulifanya kwa karatasi. Nilitumia safu zote mbili za upande wangu. Ya mbele nilihesabu kutoka kulia kwenda kushoto, la kwanza mpaka la nane, kisha nikapinda kwenye kichwa kama tunavyopinda siku zote, na safu ya nyuma ikaendelea kutoka kushoto kwenda kulia, la tisa mpaka la 16. Hofu yangu ilikuwa kwamba mashimo hayatatosha. Yalitosha, na yakabaki mawili. Kete 64 zinataka mashimo 14. Mpango wake ni huu, kuanzia jirani na kifuu: sufuri, moja, tatu, sufuri, sufuri, nne, sufuri, kisha kuanzia shimo la nane zinapanda mbili mbili: mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Jumlisha, utapata 64. Nyumba ni tupu tena.

Kuushusha mpango huo mpaka mwisho ni mapando 64, kwa kuwa kila pando linatia kete moja tu ndani ya kifuu, wala halitii zaidi. Shimo la kwanza peke yake unalicheza mara 32, nusu ya mchezo mzima, na lile la 14 unalicheza mara moja tu. Kete moja, kifuu, kete moja, kifuu. Mkono ukishazoea, mwendo wake ni kama wa mtu anayepiga tasbihi. Nimeucheza siku nilizokuwa na homa. Nimeucheza usiku wa kusubiri simu kutoka hospitali. Sijui kama ni mchezo mkubwa. Najua kwamba hauniombi niwe na mtu, na kwamba ukikosea unakuonesha hapo hapo pale ulipokosea.

Mwaka jana niliupeleka skuli. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na Kidato cha Pili nilikuwa nao kipindi cha mwisho cha Alkhamisi, saa ambayo hakuna mtoto anayetaka kusikia habari za duara. Nikawatoa nje chini ya mwembe. Tukachimba vishimo kwenye mchanga, kila kundi mashimo manane, kete zikawa vijiwe na mbegu za ukwaju. Sikuwaambia njia. Niliwapa mpango wa kete sita na sheria yenyewe, nikakaa juu ya mzizi.

Kelele zilikuwa nyingi. Kila kundi liliua shimo la kwanza kama nilivyoliua mimi. Kulikuwa na msichana mmoja, anakaa nyuma darasani na hanyanyui mkono, ambaye alilinyang'anya kundi lake vijiwe vyote akarudi kuanza mara nne bila ya kusema neno. Mara ya tano akamaliza. Nikamuuliza amefanyaje. Akasema: "Mwalimu, wa karibu akishakuwa tayari, mpishe kwanza." Nilikuwa nimeandika jambo hilo ukutani kwangu kwa maneno mengi zaidi.

Wiki iliyofuata ndipo nikawaonesha lile ambalo kwangu mimi ni ajabu kuliko yote. Mwaka 1995 wanahisabati wawili, Duane Broline na Daniel Loeb, waliandika kuhusu mchezo huu na kuonesha kwamba ndani yake imo pai. Chukua idadi ya mashimo, izidishe kwa yenyewe, kisha igawe kwa kete chache kabisa zinazohitajika kulifikia shimo la mwisho. Mashimo yakizidi kuwa mengi, jibu linakwenda kwenye pai, ile pai tunayowafundisha kuwa ni 22 juu ya 7, ya duara na gurudumu na mdomo wa kisima. Hapa hakuna duara. Kuna mstari wa vishimo na mbegu za ukwaju. Kwa mashimo manane ni 64 kugawa 22, unapata 2.91. Kwa mashimo 16, upande mzima wa mchezaji wa bao, zinahitajika kete 82, ambazo bao halinazo, utaazima. Basi 256 kugawa 82, unapata 3.12. Darasa lilinyamaza. Miaka yangu yote ya kufundisha, pai haijawahi kulinyamazisha darasa namna ile.

Yule msichana hakuridhika. Alikuja baada ya kipindi na daftari lake. Alikuwa amekwenda mbele shimo moja zaidi, la 17, akapata kete 102. Mara 17 kwa 17 ni 289, kugawa 102 ni 2.83. "Mwalimu," akasema, "imerudi nyuma." Nikamwambia ni kweli, inayumba. Inakwenda mbele na kurudi kama ngalawa inayopinga upepo, lakini bandari yake ni ile ile. Akauliza atajuaje bila ya kuchimba mashimo mia. Nikamuonesha njia ya mkato. Andika 16. Ipandishe mpaka kigawe cha kwanza cha 15 unachokikuta, yaani namba inayogawika kwa 15 bila ya baki: 30. Hiyo ipandishe mpaka kigawe cha 14: 42. Kisha cha 13: 52. Kisha cha 12: 60. Endelea kushuka mpaka ufike kigawe cha 2, na hapo utaikuta 82. Ikiwa namba imeshakuwa kigawe, iache kama ilivyo.

Aliondoka nalo. Jumatatu akarudi, ukurasa mzima umejaa penseli, ameshuka kutoka 30 mpaka 2 bila ya kukosea hata ngazi moja. Nililipitia mwenyewe mara mbili. Shimo la 30 linataka kete 282, na 900 kugawa 282 ni 3.19. Kwenye mwembe ule pana nafasi ya mashimo 30, tumeshapima kwa hatua. Kinachokosekana ni kete. Mbegu za ukwaju zinaliwa na wadudu, na vijiwe havina sauti. Yeye anataka komwe, na ana haki.

Babu alituachia 64. Zimebaki 218. Kuna kichaka cha mkomwe nakumbuka mahala pake, na Jumamosi maji yakitoka tutakwenda darasa zima, na vitambaa vya kufungia mikono.